Habari za Muhula: Mwanafunzi Mwenye Selimundu Anaporejea Kliniki

Mwezi Agosti, vyuo vikiwa vimefungwa, kliniki za selimundu hupokea wageni ambao hazijawaona tangu mwanzo wa mwaka. Kijana huingia, huketi, husema, "Shikamoo, daktari." Daktari hujibu, "Marahaba. Habari za chuo?" Naye hujibu, "Nzuri."

Kwa adabu ya pwani, jibu la kwanza la "habari" sharti liwe jema. Hata aliyefiwa husema "njema", kisha hunyamaza kidogo, ndipo huongeza, "ila…" Mwenye nafasi ya kungoja ile "ila" ndiye anayezipata habari zenyewe. Kliniki yenye foleni ndefu aghalabu haina nafasi hiyo. Mhudumu huandika kwenye faili kwamba mgonjwa hana malalamiko, humpa dawa, humpangia tarehe, na kijana hutoka akiwa hajasema kwamba alilala kitandani siku nne kwa maumivu ya nyonga, kwamba alikosa majaribio mawili, na kwamba aliacha kumeza dawa kwa wiki sita kwa sababu aliona haya kuzimeza mbele ya aliokaa nao chumba kimoja.

Makala haya yanahusu yale yanayojificha nyuma ya neno "nzuri". Yanaanza na ugonjwa wenyewe, kisha yanaufuata muhula wa mwanafunzi anayesoma Tanga, Muheza, Korogwe au Lushoto, kwa kuwa mengi yanayomdhuru mgonjwa wa umri huo hayapatikani katika kipimo cha damu.

Selimundu, ambayo wengi huiita siko seli, ni ugonjwa wa kurithi wa hemoglobini, yaani ile protini iliyomo katika chembe nyekundu za damu ambayo hubeba hewa ya oksijeni. Chembe ya kawaida ni laini na ya mviringo, nayo huishi siku 120 hivi. Kwa mwenye selimundu, hemoglobini inapoachia oksijeni hujishikamanisha na kuwa kama vijiti, chembe hukakamaa na kupinda mfano wa mundu. Chembe hizo huvunjika mapema, nyingi katika siku 10 hadi 20, na ndiyo sababu damu huwa pungufu na macho huwa ya manjano. Aidha huziba mishipa midogo. Sehemu isiyofikiwa na damu huuma, na maumivu hayo huweza kuwa makali kuliko ya mfupa uliovunjika.

Mtoto huupata ugonjwa huu akirithi nakala mbili za kinasaba hicho, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala moja tu haugui, bali ni mbebaji. Kwa nini wabebaji ni wengi katika ukanda wa pwani? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1949, pale Anthony Allison, aliyekulia Kenya na wakati huo akiwa mwanafunzi wa tiba Oxford, alipopima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya. Karibu na bahari na karibu na Ziwa Victoria wabebaji walizidi asilimia 20 katika baadhi ya jamii. Katika nyanda za juu hawakufika asilimia 1. Palipokuwa na malaria nyingi ndipo palipokuwa na kinasaba hicho. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba nakala moja humkinga mtu dhidi ya malaria kali. Tanzania imo miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani. Hukadiriwa kuwa 11,000 kila mwaka.

Jambo moja katika habari hiyo hueleweka vibaya mara kwa mara, hata na wanafunzi wa fani za afya. Kinga ni ya mwenye nakala moja. Mwenye nakala mbili hana kinga hiyo, na malaria ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumuua.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanafunzi

Zamani ilidhaniwa kwamba mtoto mwenye selimundu hafiki umri wa kwenda chuo, na kwa wengi ilikuwa hivyo. Hata hivyo, mgonjwa wa kwanza kuelezwa katika maandishi ya tiba ya kisasa alikuwa mwanafunzi wa chuo. Walter Clement Noel alitoka kisiwa cha Grenada mwaka 1904 kwenda Chicago kusomea tiba ya meno. Alisafiri akiwa na kidonda karibu na kifundo cha mguu, na kabla mwaka haujaisha alilazwa hospitalini kwa kikohozi na homa. Daktari kijana Ernest Irons aliichunguza damu yake kwa hadubini akaona chembe zilizopinda. Mkuu wake, James Herrick, alichapisha taarifa hiyo mwaka 1910.

Noel aliugua mara kadhaa katika miaka yake ya masomo. Alihitimu mwaka 1907, akarudi kwao, akafungua kazi ya kutibu meno, akafariki dunia mwaka 1916 kwa nimonia akiwa na umri wa miaka 32. Taarifa ya Herrick ilimtaja kwa rangi na umri wake, si kwa jina. Inaeleza kidonda, homa, mkojo na damu kwa uangalifu mkubwa. Lakini msomaji hapati kujua ni vipi kijana aliyezoea joto la Karibi aliyastahimili majira ya baridi ya Chicago, ngazi alizopanda, na usiku aliokesha akijiandaa kwa mitihani. Miaka zaidi ya mia moja baadaye faili nyingi zinaandikwa kwa mtindo huohuo.

Muhula na majira

Mwaka wa masomo katika vyuo vikuu vya Tanzania huanza aghalabu Oktoba au Novemba. Ukiutandaza juu ya majira ya Tanga utaona kwamba kila kipindi kina hatari yake.

Mwanzoni ni vuli. Mvua hujaza madimbwi, mbu huzaliana, na mwanafunzi mpya bado hajapata chandarua. Katika mabweni mengi vitanda ni vya ghorofa, vile wanafunzi wanavyoviita dabo deka, na anayelala juu hana pa kukining'iniza chandarua isipokuwa apige misumari darini, jambo ambalo chuo hukataza. Hivyo mwenye selimundu aombe kitanda cha chini. Huo si upendeleo, ni tiba: chandarua hufungika vizuri kwenye fremu ya kitanda cha juu, na nyonga haihangaishwi kwa kupanda. Yule aliyetoka Lushoto au Mlalo, milimani ambako malaria si nyingi, akaja kusoma Muheza au Tanga mjini, aangaliwe zaidi, kwani mwili wake haujazoea vimelea hivyo.

Baada ya vuli huingia kaskazi. Januari na Februari joto hupanda juu ya nyuzi 30, jasho halikauki, na ndicho kipindi cha mitihani ya muhula wa kwanza. Hapa adui ni upungufu wa maji mwilini. Damu ikipungukiwa maji, chembe hukakamaa upesi. Muhula wa pili huanza na masika, mvua kubwa ya Machi hadi Mei, na malaria tena. Kisha kusi huvuma, na Julai, mitihani ikiwa imekaribia, hewa hupoa. Tanga mjini ubaridi huo ni wa kupendeza. Lushoto, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, usiku wa Julai hulazimisha blanketi mbili na sweta. Baridi hubana mishipa ya ngozi na viungo, na wagonjwa wengi huzijua siku hizo kabla ya kutazama kalenda. Kuoga maji baridi alfajiri, au kutoka baharini Raskazone jioni na kukaa na nguo mbichi kwenye upepo, huweza kuamsha maumivu usiku uleule. Kuogelea hakukatazwi. Achukue kanga au taulo kavu, ajifute mara atokapo, anywe kitu cha moto.

Habari ya maji

Hakuna ushauri unaorudiwa sana katika kliniki kama huu wa kunywa maji, na hakuna unaofuatwa kwa shida zaidi. Mtu mzima mwenye selimundu huambiwa anywe lita tatu hivi kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Asiponywa, huonekana mkaidi. Lakini sharti ifahamike kwamba figo za mwenye selimundu hupoteza mapema uwezo wa kuufanya mkojo kuwa mzito. Yeye hukojoa maji mengi, mchana na usiku, awe amekunywa au hakunywa. Mwanafunzi anayelala ghorofa ya tatu, choo kikiwa chini na taa ya ukumbi imeungua, hufanya hesabu yake: akinywa maji jioni ataamka mara nne. Basi hanywi. Darasani ni vivyo hivyo, kipindi ni cha muda wa saa mbili na kutoka katikati ni kujiaibisha.

Kwa hiyo badala ya kumwambia tena "kunywa maji", mhudumu amuulize choo kiko wapi. Jibu litaonyesha kama anahitaji barua ya kuomba chumba cha chini, au ruhusa ya kutoka darasani bila kuulizwa. Maji mengi yanywewe kuanzia alfajiri hadi magharibi. Chupa ya lita moja iliyojazwa mara tatu ni kipimo rahisi kuliko kuhesabu glasi. Madafu, uji, supu na machungwa ya Muheza huhesabika pia. Pombe haihesabiki, kwani hukausha mwili, wala vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo humnyima usingizi mtu anayeuhitaji kuliko wenzake.

Dawa nazo zina maisha yake bwenini. Foliki asidi haina shida, wengi humeza vidonge. Haidroksiyurea ndiyo yenye maswali. Dawa hii huufanya mwili utengeneze zaidi hemoglobini ya aina ile aliyokuwa nayo mtoto tumboni, ambayo haipindi chembe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika Luanda, Kinshasa, Mbale na hapa jirani Kilifi, ulionyesha kwamba watoto walioimeza walipata maumivu machache, waliongezewa damu kwa nadra zaidi, na hata malaria ilipungua kwa kiasi cha nusu. Lakini si dawa ya kutuliza maumivu. Huchukua wiki na miezi kufanya kazi yake, na hufanya kazi ikimezwa kila siku. Mwanafunzi anayeiacha Novemba kwa sababu yuko mzima, akaianza tena Februari akiumwa, amekosa kinga katika miezi yote miwili ya katikati. Anayeisahau siku moja asimeze mara mbili kesho yake. Vipimo vya picha kamili ya damu ni lazima viendelee huko aliko, kwa hiyo apewe rufaa ya maandishi kwenda kituo kilicho karibu na chuo kabla hajasafiri. Kijana huyu na mwenzi wake, awe mwanamume au mwanamke, wazungumze na daktari kabla ya kukusudia kupata mtoto, kwani dawa hii huenda ikabidi isimamishwe.

Kuficha

Macho ya manjano humtia mwanafunzi katika maelezo asiyoyataka. Wenzake hudhani ni homa ya ini, huacha kula naye sahani moja. Wengine humwona akikonda, huhitimisha mengine. Yeye naye, aliyelelewa akifichwa na wazazi kwa hofu ya majirani, huona afadhali afiche. Umri wa chuo ndio umri ambao mtu hataki kuwa tofauti na wenzake.

Siri ni haki yake, wala mhudumu asimlazimishe kuitangaza. Lakini mtu mmoja bwenini sharti ajue: ajue ugonjwa unaitwaje, faili liko wapi, ni nambari gani ya simu ya kupigwa, na ni dalili zipi zisizongoja asubuhi. Na mtu mmoja ofisini, mathalani mshauri wa wanafunzi, awe na barua ya daktari tangu wiki ya kwanza. Barua inayoletwa baada ya mtihani kukosekana husomwa kama kisingizio. Ileile ikiwa imekaa faili tangu Oktoba husomwa kama taarifa. Taratibu za vyuo huruhusu mtihani kuahirishwa kwa ugonjwa, ila huhitaji maombi kwa wakati, na mwenye maumivu hana nguvu ya kuzunguka na karatasi.

Neno kwa wahudumu wa afya halina budi kusemwa hapa. Kijana anayefika usiku wa kuamkia mtihani akilia kwa maumivu ya mgongo, asiye na homa, asiye na uvimbe, aliyekuja mwezi uliopita kwa tatizo hilohilo, hutiliwa shaka. Huonekana anakimbia mtihani, au ameizoea sindano. Ukweli wa kitaalamu ni kwamba hakuna kipimo cha damu wala picha inayoweza kuthibitisha au kukanusha maumivu ya selimundu. Kipimo ni neno la mgonjwa. Wasiwasi wa mitihani na kukosa usingizi ni vichocheo halisi vya maumivu hayo, kwa hiyo kuumwa wakati wa mtihani ndicho kinachotazamiwa. Atulizwe haraka, na ikiwa maumivu ni makali apewe dawa zenye nguvu kwa kiwango kinachostahili, maji, joto, kisha achunguzwe kama kuna maambukizo. Diklofenaki na ibuprofeni zitumike kwa kiasi, kwani figo zake tayari zina mzigo.

Zipo dalili ambazo mwanafunzi hapaswi kuzivumilia chumbani hata kwa saa chache. Homa ya nyuzi 38 na kuendelea ni ya dharura, kwa kuwa bandama yake huwa imeharibika tangu utotoni na bakteria huenea mwilini kwa kasi. Kununua dawa mseto dukani na kulala si tiba. Apimwe malaria, na hata kipimo kikionyesha malaria, maambukizo mengine yatafutwe. Kifua kuuma pamoja na kikohozi au kupumua kwa shida ni dharura. Mdomo kupinda, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, au kichwa kuuma ghafla kuliko ilivyowahi kutokea, ni dharura.

Na iko moja ambayo wavulana hawaisemi. Uume huweza kusimama kwa maumivu pasipo hamu yoyote, aghalabu usiku, kwa sababu damu imekwama. Kijana huona aibu, hujimwagia maji baridi, ambayo huzidisha kubana kwa mishipa, hungoja. Akojoe, atembeetembee, anywe maji na dawa ya maumivu; ikipita muda wa saa mbili aende hospitali usiku huohuo. Ikizidi muda wa saa nne, uwezo wake wa baadaye huwa hatarini. Wavulana wengi hawajui kabisa kwamba hali hiyo ni sehemu ya selimundu, kwa kuwa walihudhuria kliniki wakiwa watoto, mama zao wakiwa wameketi kando. Mhudumu aulize, mzazi akiwa nje.

Mapenzi nayo huanza chuoni. Mwenye selimundu akizaa na mbebaji, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa mtoto kuwa mgonjwa; akizaa na asiye na kinasaba, watoto wote watakuwa wabebaji na hakuna atakayeugua. Katika ukanda ambao wabebaji ni wengi kiasi hiki, mchumba apimwe kwa kipimo cha kutenganisha hemoglobini kabla ya posa kupelekwa. Mengi kuhusu ndoa na uzazi yanahitaji makala yake.

Kuhusu gharama, kwa ufupi: bima aliyoitumia kama mtoto wa mwanachama hufikia kikomo kadiri umri unavyosonga, na wanafunzi huandikishwa katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kupitia vyuo vyao. Kadi mpya ifuatiliwe siku za usajili, fedha za kujikimu, ile bumu, zikiwa bado hazijaisha.

Tukirudi katika chumba cha kliniki mwezi Agosti, dakika kumi hutosha. Baada ya "nzuri", mhudumu aulize: ni siku ngapi za masomo ulizokosa? Unalala ghorofa ya ngapi, na choo kiko wapi? Dawa unaziweka wapi, na nani amekuona ukizimeza? Nani angekupeleka hospitali usiku? Macho yalipimwa lini na mtaalamu wa macho? Nyonga inauma ukipanda ngazi? Majibu yaandikwe kwenye faili kwa tarehe, ili anayemwona Machi aanzie hapo.

Tarehe ijayo isipangwe kwa mazoea ya miezi mitatu, bali kwa kalenda ya chuo chake, wiki mbili kabla ya mitihani. Hatimaye aulizwe kuhusu safari. Wengi husafiri saa sita au zaidi kwa basi kupitia Segera bila kunywa tone la maji, kwa hofu ya kumsihi kondakta asimamishe gari porini, na huingia bwenini na maumivu yaliyoanza njiani. Akate tiketi ya kiti cha kando ya njia ili aweze kusimama na kunyoosha miguu, achukue sweta hata kama ni kaskazi, kwani kiyoyozi cha basi hakijui majira, na amwambie kondakta mapema, kabla gari halijaondoka kituoni, kwamba yeye ni mgonjwa na atahitaji kushuka.